Matobolwa ya Rangi kwa Chai ya Asubuhi

Hapa Mtendeni watoto wengi huenda shule na chai kavu. Ikifika saa nne wanasinzia. Na viazi vimo shambani!

Viazi vyeupe vinashibisha, lakini vitamini A karibu havina. Vile vya rangi ya karoti, yaani viazi lishe, vinayo tele. Mtoto akiikosa sana, jioni haoni vizuri. Akiachwa hivyo anaweza kupofuka kabisa.

Chemsha viazi na maganda yake, funika sufuria. Vikiiva menya, kata vipande vyembamba, anika. Hayo ndiyo matobolwa. Wengi wetu tunaanika juani, juu ya jiwe, mpaka rangi inafifia. Rangi ikienda, vitamini nayo imekwenda! Anika kivulini penye upepo, juu ya mkeka safi. Tena usiyaweke mno; hata ndani ya gunia vitamini hupungua. Mimi niliyaweka miezi mingi, yakapauka kama michembe.

Asubuhi yachemshe, changanya na karanga zilizotwangwa. Karanga si za utamu tu. Mwili hauipokei vizuri vitamini A pasipo mafuta. Mtoto mdogo mpondee.