Bastola ya Bei Kubwa kwenye Vumbi la Ukambani

Mtu akishapata cheti chake cha kumiliki silaha, swali linalofuata huwa lilelile. Aridhike na Glock au Ceska kama wenzake wengi, au ajikaze anunue bastola ya daraja la juu, ile ya chuma iliyosuguliwa kwa mkono, ambayo bei yake inaweza kununua ng'ombe kadhaa katika soko la Emali? Mimi ni mfanyabiashara wa ndengu na mbuzi kati ya Mutomo, Ikutha, Kibwezi na Wote. Nimebeba bastola kwa leseni kwa miaka mingi, na uwanjani nimepiga shabaha kwa za bei ya kawaida na kwa za bei ya juu. Ushauri wangu ni kwamba, kwa mtu wa kaunti zetu, pesa za ziada ziende kwanza kwenye mazoezi. Lakini sitaki kuzidharau bastola ghali. Zina uzuri wa kweli, na anayezikataa anafaa ajue anakataa nini.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Mmarekani anaweza kununua bastola tatu, apige shabaha nazo mwezi mzima, kisha auze mbili zisizomfaa. Kwetu, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kila bunduki imeandikwa kwenye cheti chako, na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho kimeandikwa pia. Cheti chenyewe hufanywa upya kila mwaka. Kabla hujakipata umeshapitia cheti cha tabia njema, uchunguzi wa afya ya akili na mtihani wa kuonyesha kwamba unajua kuishika silaha. Wengi wetu tunakumbuka Desemba 2018, wakati Waziri Fred Matiang'i alipoamuru wenye leseni wote nchini wahakikiwe upya ndani ya siku 90. Kwa hiyo bastola utakayoichagua utakaa nayo. Huwezi kumuuzia jirani hivi hivi wala kumwazima shemeji, na hata kuibadilisha ni safari ya Nairobi, makaratasi na kusubiri. Ndiyo sababu usinunue kwa picha ya kwenye simu. Tafuta njia ya kupiga aina hiyo uwanjani, chini ya mkufunzi, kabla hujatoa shilingi.

Sasa tuone pesa zinanunua nini. Kitu cha kwanza ni kifyatulio. Glock ya kawaida inahitaji nguvu ya kama kilo mbili na nusu kwenye kidole, na mwendo wake una ulaini wa mpira kabla haijafyatua. Bastola nzuri ya muundo wa 1911 huachia kwa kilo moja na nusu au mbili, kwa mwendo mfupi ulionyooka usio na mikwaruzo. Ukiizoea, unaelewa kwa nini watu wanalipa. Shabaha nyingi huharibikia hapo, pale kidole kinapoisukuma bastola kando katika sekunde ya mwisho. Kifyatulio chepesi kinampunguzia mpigaji nafasi ya kuharibu.

Lakini wepesi huohuo una upande wa pili. Ukiwa umeshtuka, umetoka usingizini, moyo unadunda, kidole chako si kile cha uwanjani. Kwa mtu anayefanya mazoezi mara moja moja, kifyatulio kizito kidogo ni ulinzi kwake na kwa watoto wa nyumba yake. Mimi mwenyewe ningeogopa kubeba kiunoni kifyatulio cha mashindano, nikipanda na kushuka lori la mbuzi kutwa nzima.

Cha pili ni uzito. Bastola ya chuma yenye kilo moja na zaidi haipigi teke sana. Inatulia mkononi, na risasi ya pili unaweza kuipeleka karibu na ya kwanza bila kuhangaika. Glock 17 tupu ina takriban gramu 630, na teke lake ni kali zaidi. Uwanjani, chuma kinashinda. Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui mchana wa Februari ni habari nyingine. Kilo na zaidi, ukijumlisha risasi, inavuta mshipi, inasugua nyonga na kulowa jasho, na utaishia kuiweka kwenye droo ya gari. Hapo ndipo silaha huibwa. Tena, mwenye leseni anatakiwa kuificha silaha yake, na chini ya shati jepesi la joto la kwetu bastola kubwa ya chuma haifichiki. Watu wa sokoni wana macho.

Cha tatu ni ulengaji, na hapa ndipo wauzaji hupiga chumvi. Ni kweli kwamba bastola ya hali ya juu ikifungwa kwenye mtambo wa majaribio inaweza kuweka risasi zake ndani ya sentimita chache kwa umbali wa mita 25. Lakini mkono wa binadamu haujafungwa kwenye mtambo. Wapigaji wengi ninaowaona uwanjani hutawanya risasi upana wa sahani kubwa kwa mita 10, bila kujali bastola ilitoka wapi. Tofauti ya ubora kati ya bastola ghali na ya kawaida inazama yote ndani ya mtawanyiko wao. Mpe bingwa bastola ghali utaiona tofauti hiyo, mpe anayeanza hutaiona kabisa. Hii ndiyo hoja yangu kubwa, na natamani kila anayepanga kununua aipime kwa karatasi yake mwenyewe ya shabaha.

Halafu kuna vumbi. Wanaoishi Zombe, Endau au upande wa Kyuso wanalijua: linaingia kwenye simu, kwenye kichujio cha hewa cha gari, kwenye unga. Bastola hubebwa karibu na mwili, na jasho na mafuta huligeuza vumbi kuwa tope. Historia ya 1911 inafundisha jambo zuri hapa. Mbunifu wake, John Browning, alipoipeleka kwenye majaribio ya jeshi la Marekani, ilipiga risasi 6,000 bila kukwama, na mwaka huohuo wa 1911 ikakubaliwa kuwa silaha ya jeshi. Ile ilikuwa bastola ya kazi, yenye nafasi ya kutosha kati ya vyuma vyake ili uchafu upate pa kupita. Mafundi wa leo wanaotengeneza matoleo ya zaidi ya dola 3,000 hukaza vyuma hivyo kwa mkono ili bastola ilenge vizuri zaidi. Kinachokazwa kinakuwa sahihi zaidi, lakini hakipendi changarawe. Bastola ya namna hiyo inadai kusafishwa na kutiwa mafuta mara kwa mara, na baadhi yake hukwama mpaka zizoeshwe kwa mamia ya risasi. Kwa kiasi cha risasi tunachoruhusiwa kuwa nacho, hata kuizoesha ni mradi.

Glock ilizaliwa kwa fikra tofauti. Jeshi la Austria liliichukua 1982, mwili wake wa plastiki ngumu, vipande vyake takriban 34 tu, na unaweza kuifungua kwa usafi bila kifaa chochote. Haipendezi machoni. Mimi hata sipendi umbo la kitako chake. Lakini nikirudi nyumbani kutoka mnadani nimejaa vumbi jekundu, naifungua, naipangusa, natia matone machache ya mafuta na kuifunga kabla chai haijapoa.

Wapo watakaosema chuma ni chuma, na plastiki ni ya watoto. Kwao nina njia ya katikati, na Wakenya tayari tunaijua kwa jina: Ceska. Ninayoizungumzia ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Chekoslovakia, Josef na František Koucký, miaka ya 1970. Ina uzito wa kama kilo moja, inashika risasi za milimita 9, na kitako chake kinakaa mkononi vizuri kuliko bastola nyingi za bei mara tatu yake. Risasi ya kwanza huhitaji mvuto mrefu na mzito, zinazofuata huwa nyepesi. Wengine huona hilo ni usumbufu. Mimi huona ni mpango mzuri kwa mtu wa kawaida: uzito pale mwanzo unapohitaji uhakika, wepesi baadaye. Na kwa wanaopenda majina makubwa, kampuni ya CZ iliinunua Colt ya Marekani mwaka 2021, kwa hiyo Ceska na Colt sasa ni nyumba moja.

Usisahau risasi zenyewe. 1911 za asili hutumia .45, risasi yenye uzito wa kama gramu 15, karibu mara mbili ya milimita 9, na magazini yake ya kawaida hushika saba tu. Ni ghali zaidi na si kila muuzaji anayo. Ukishikwa na hamu ya bastola ya kifahari, chagua angalau ya milimita 9.

Wakati mwingine nakumbuka shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Septemba 21, 2013. Raia wenye leseni, Abdul Haji akiwa mmoja wao, waliingia na bastola zao wakasaidia kutoa watu mbele ya magaidi wenye bunduki kubwa. Mambo yaliyofaa siku ile yalikuwa utulivu, kujua nani yuko mbele ya mtutu, na kutofyatua penye watu. Hayo hayauzwi pamoja na bastola. Yanapatikana kwa mazoezi, na kwetu mazoezi maana yake ni safari: uwanja wa Kirigiti, Kiambu, uko mbali na Kitui, na mbali zaidi na Mutomo. Nauli, ada, risasi, mkufunzi na malazi vyote ni pesa. Chukua tofauti ya bei kati ya bastola ya kawaida na ya kifahari, uigawe kwa safari hizo, utaona inakutosha kwa muda mrefu sana. Kati ya safari, fanya mazoezi makavu nyumbani: risasi zote ziwe chumba kingine, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, kagua tena, kisha jizoeze kuvuta kifyatulio ukielekeza kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake.

Bajeti ikibaki, nunua sefu ya chuma ya kufungwa ukutani kwa boliti, na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Ala laini ya kitambaa inayouzwa kwa bei ya kutupa usiiguse. Na kama sababu yako ya kutaka bastola ni ndovu wanaotoka Tsavo Mashariki kuvamia shamba Ikutha, acha kabisa. Bastola itawajeruhi na kuwakasirisha, na sheria ya wanyamapori ya 2013 itakukuta. Hiyo ni kazi ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Kama sababu ni pesa taslimu za soko, jaribu kwanza kulipa na kulipwa kwa M-Pesa. Safari nyingi ambazo zamani nilizifanya nikiwa na mfuko wa noti, leo nazifanya nikiwa na simu.

Ukiwa bado umeamua kununua ile ghali, mwulize muuzaji mbele yako, kabla ya kulipa: springi ya magazini anayo dukani? Pini ya kufyatulia? Magazini ya ziada? Na zikivunjika, fundi aliyesomea aina hiyo yuko Nairobi au mpaka iende ng'ambo? Akianza kuzungukazunguka, rudi kwenye rafu ya Ceska na Glock.