Badili Kundi la Dawa, Si Chupa

Wadogo zangu mnaolima sukuma wiki Mtongwe, Kisauni na Changamwe, swali lenu ni moja: "Dada, nimepuliza na viwavi wangali wamo, sasa ninunue dawa gani?" Kabla hujaenda dukani, geuza jani.

Ukimwona kiwavi mwembamba wa kijani, ukimgusa anajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo mwenye alama za almasi mgongoni. Mwaka 1953, huko Java, Indonesia, aliripotiwa kuishinda dawa ya DDT, na tangu hapo ameshinda dawa nyingi. Hazoei sumu jinsi mtu anavyozoea pilipili. Katika kundi kubwa, wachache huzaliwa na uwezo wa kuivunja sumu mwilini. Unapopuliza, dhaifu hufa, hao wachache wakabaki kuzaana. Na kwa joto letu la pwani, kizazi kipya huja kwa wiki mbili, tatu.

Kinachonisikitisha ni pesa mnazopoteza kwa kubadili chupa tu. Soma maandishi madogo: lambda-cyhalothrin, cypermethrin na deltamethrin zote ni kundi 3A, zinapiga neva mahali pamoja. Kiwavi aliyeishinda moja, nyingine nazo huenda zisimtishe. Mwambie muuza dawa akuonyeshe namba ya kundi, na kizazi kijacho cha viwavi ukipige kwa kundi jingine. Dawa ya Bt, kundi 11A, ni bakteria ambayo kiwavi lazima aile. Jua huiharibu upesi, kwa hiyo puliza jioni, chini ya majani, viwavi wakingali wadogo. Nayo usiitegemee peke yake, maana Hawaii wadudu hawa walishaishinda. Kipimo kiwe cha kibandiko, wala usichanganye dawa ovyo ndani ya bomba.

Tena mnao wasaidizi. Mwaka 2002 watafiti wa wadudu wa ICIPE waliachilia nyigu wadogo, Diadegma semiclausum, kwenye vilima vya Taita, kunakotoka mboga nyingi za soko la Kongowea. Hutaga mayai ndani ya viwavi. Nyigu hao hupenda baridi, lakini jamaa zao wa Cotesia huvumilia joto. Sumu za 3A huwaua wote hao, ndiyo maana nasema viwavi wakiwa wachache, waokote kwa mkono.

Mashina makuukuu yang'oe mara tu mavuno yanapokwisha, usiyaache yalee nondo kando ya miche mipya. Na ukishapuliza, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kibandikoni kabla hujachuma hata jani la kupikia nyumbani.