Mkazo wa Neno na Mahadhi ya Ibada: Mchango wa Howard S. Olson

Tenzi za makanisa ya Kiprotestanti zimejadiliwa zaidi kama tafsiri, na kwa nadra kama muziki. Howard S. Olson (1922–2010) alizitazama kwa pande zote mbili. Mmisionari huyo wa Kilutheri, mzaliwa wa Minnesota, Marekani, alifika Tanganyika mwaka 1946, akatumika nchini hadi 1988, na kwa miaka mingi alifundisha katika Chuo cha Teolojia cha Makumira, Arusha.

Olson alikuwa pia mwanaisimu. Utafiti wake wa fonolojia na mofolojia ya Kirimi, yaani Kinyaturu cha Singida, ulichapishwa mwaka 1964. Katika lugha ya toni kama hiyo, mahadhi yanayopanda pale neno linaposhuka huweza kuvuruga maana. Kiswahili sanifu hakina toni ya namna hiyo. Kina mkazo, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache ya mkopo kama vile "lazima". Hapo ndipo koralo za Kijerumani zinapokwama. Mistari yake mingi huanza kwa silabi dhaifu na kuishia kwa silabi yenye nguvu. "Mungu" likiwekwa mwishoni mwa mstari wa aina hiyo, waimbaji hulazimika kutamka "mu-NGU", na "Bwana" huwa "bwa-NA". Mfasiri huweza kutimiza mizani yote na bado akauvunja mkazo; kwa hiyo lawama zinazoelekezwa kwenye msamiati wake mara nyingi hazina msingi.

Makumira utaratibu uligeuzwa: wanafunzi walianza na mahadhi ya kwao, ndipo wakayatungia maneno ya Kiswahili. Mkusanyiko wa *Tumshangilie Mungu*, uliohaririwa na Olson, ulitoka mwaka 1968. Wimbo wake mashuhuri, "Mfurahini, Haleluya", uliandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966. Ulrich Leupold aliutungia maneno ya Kijerumani mwaka 1969. Olson mwenyewe aliutia katika Kiingereza, akauweka katika *Lead Us, Lord* (1977). Safari hii aliyelazimika kuyakunja maneno yake yafuate mahadhi ya wengine alikuwa mfasiri wa Kiingereza.

Hata hivyo, utaratibu huo nao una gharama. Mahadhi yaliyozaliwa na toni za lugha ya kabila, yakivishwa maneno ya Kiswahili, hutengana na toni zilizoyaumba.