KITABU CHA PICHA NA TAKA ZA PLASTIKI

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeizoea mno katika insha, lakini mwaka huu baadhi yetu katika chama cha Kiswahili tuliamua kuijaribu kwa vitendo. Kila Jumamosi asubuhi tuliwasomea watoto wa gredi ya kwanza na ya pili hapa Makadara, na mada yetu ilikuwa taka za plastiki. Katika makala haya nitaeleza kwa nini tulitumia kitabu cha picha, na jinsi wewe pia unavyoweza kutengeneza chako.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoiita juala, ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kufungwa jela hadi miaka 4. Hata hivyo, chupa za maji na soda, pamoja na karatasi za mkate, bado ziko tele. Ukipita Maringo au Mbotela baada ya mvua, utaziona kwenye mitaro. Nyingi ya zile zinazozolewa huishia katika jaa la Dandora, lililoanza kutumika mwaka wa 1975.

Sasa, mtoto wa miaka saba utamweleza vipi haya yote? Ukimwambia "uchafuzi wa mazingira" atakutazama tu, kisha aulize saa ya kucheza itafika lini. Lakini ukimwonyesha picha, yeye ndiye atakayeanza kukueleza wewe.

Mfano mzuri ni kitabu kiitwacho One Plastic Bag, kilichoandikwa na Miranda Paul, kikachorwa na Elizabeth Zunon, na kutolewa mwaka wa 2015. Kinasimulia kisa cha kweli cha Isatou Ceesay wa kijiji cha Njau, nchini Gambia. Mbuzi wa kijijini walikuwa wakila mifuko iliyotupwa na kufa. Mama huyo na wenzake wakaiokota mifuko, wakaiosha, wakaikata nyuzi nyuzi na kufuma vibeti vya kuuza. Tuliwasimulia watoto kisa hicho kwa Kiswahili huku tukichora mbuzi wetu ubaoni. Gambia hawaijui, lakini mbuzi wanaochakura taka wanawajua sana. Mmoja akauliza, "Dada, kwani huyo mbuzi alidhani ni majani?" Somo likawa limeanza.

Baadaye tukatengeneza kitabu chetu. Njia yenyewe ni rahisi:

1. Tafuta kalenda za zamani. Nyuma yake ni nyeupe. Kata kurasa nane, uzishone kwa sindano na uzi. Jalada liwe la katoni.

2. Kila ukurasa uwe na picha moja kubwa na sentensi moja fupi. Chora vitu vya hapa kwetu: duka, mtaro, mkokoteni wa mnunuzi wa plastiki.

3. Usichore taka pekee, maana mtoto ataogopa halafu asahau. Onyesha pia linaloweza kufanywa. Sisi tulichora jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu na kuzinduliwa mwaka wa 2018, likiwa limeundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa patipati kuukuu. Mwaka wa 2019 lilisafiri hadi Unguja. Watoto walishangaa kusikia kwamba patipati zinaweza kwenda baharini zikarudi zikiwa chombo!

4. Weka kazi ya mikono. Waambie watafute chini ya chupa alama ya pembetatu yenye nambari. Chupa ya soda huwa na 1. Mitungi mingi ya mafuta huwa na 2. Hizo ni aina tofauti za plastiki, nazo hutenganishwa kabla ya kuyeyushwa na kutengenezwa upya.

Kuna jambo moja ambalo halikuwa katika mpango wetu. Tulipouliza plastiki huenda wapi nyumbani, msichana mmoja alijibu, "Mama huwashia jiko na karatasi ya mkate." Wengi wakasema hata kwao ni hivyo. Moshi ule una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama mwenyewe na mtoto aliye mgongoni. Lakini je, mtoto wa gredi ya pili atamkosoa mama yake? Hiyo kwetu si adabu. Basi tukaongeza ukurasa wa jiko linalowashwa kwa magunzi makavu, tukawapa watoto kitabu wakapokezane kwenda nacho nyumbani. Tuliwafundisha neno moja tu la kusema: "Mama, nikusomee?"

Jumamosi iliyofuata yule msichana alileta karatasi tatu za mkate, zimekunjwa vizuri. Akasema, "Mama amesema hizi nikuletee, na kitabu bado hajamaliza kukitazama."

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, ikiwa una mdogo wako nyumbani, likizo hii tafuta kalenda kuukuu, kalamu za rangi na uzi. Kurasa nane zinatosha. Mchoree, msomee, kisha mwachie kitabu akawasomee wakubwa.