Zawadi Kazini: Somo la Ghalani Kimaka



Likizo iliyopita nilipata kibarua cha ukarani katika ghala moja la vifaa vya ujenzi hapa Kimaka, upande wa uwanja mdogo wa ndege. Tulikuwa watu tisa, Mwislamu mimi peke yangu, na wote wakiniita “Sheikh” hata kabla sijahitimu. Wiki mbili kabla ya Krismasi wakaandika majina kwenye vikaratasi, wakavitia ndani ya kofia ngumu ya kazi, kila mtu akachukua kimoja: uliyempata utamnunulia zawadi isiyozidi shilingi 10,000. Mimi nilimpata mlinzi wa lango, mzee wa Kisoga.

Sikusema kitu. Moyoni nilijiambia hii ni ibada ya wengine, nisiiguse. Siku ya kupeana nikapiga simu kwamba nina malaria. Niliporudi nikakuta mezani pangu birika la plastiki la kutawadhia na pakiti ya tende. Jina langu lilimwangukia mama mhasibu, naye alikuwa ameniona nikitawadha kwa chupa ya maji iliyokatwa. “Pole na malaria, mwanangu,” akaniambia. Baadaye nikasikia kuwa siku ile mlinzi peke yake alirudi nyumbani mikono mitupu.

Nimesoma fiqhi miaka miwili, lakini suala hili sikujua hata linaanzia wapi. Nikarudi vitabuni.

Kupokea ndiko kwepesi. Mama yake Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alikuja Madina wakati wa mapatano na Makureshi akiwa bado mshirikina, na riwaya zinasema alileta zawadi. Asmaa alisita, akauliza, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aunge udugu na mama yake. Wanazuoni hulitaja tukio hili pamoja na aya ya 8 ya Suratul Mumtahina. Sayyidna Umar (r.a.) naye alimpelekea ndugu yake wa Makka, kabla hajasilimu, vazi la hariri. Hata Ibn Taymiya, ambaye hakuwa mlegevu kabisa katika suala la sikukuu za wasio Waislamu, anataja katika Iqtidaa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alipokea zawadi ya Nairuzi, na kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa kuhusu zawadi za Majusi siku ya sikukuu yao alikataza kilichochinjwa kwa siku hiyo, akaruhusu mazao ya miti. Kwa hapa kwetu, sukari, mchele na ndizi havina shida. Nyama uliza kwanza nani kachinja.

Kutoa ndiko kwenye khitilafu. Wengi wa wanazuoni wa zamani walikataza zawadi inayokusudiwa kuitukuza siku yenyewe. Mimi naona njia ilikuwepo: ningesema mapema, “Zawadi nitatoa, ila si siku hiyo.” Lakini nilitia mkono kofiani nikanyamaza. Hiyo ni ahadi, na aya ya kwanza ya Suratul Maida inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Nilikimbia lenye shaka nikaangukia uongo, ambao hauna shaka hata kidogo.

Hadithi iliyoniumiza zaidi ni ya Sa'b bin Jaththama (r.a.). Alimpa Mtume (s.a.w.) punda-mwitu, akamrudishia. Alipomwona amebadilika uso, Mtume alimweleza sababu: tumo katika ihramu. Tazama alivyouangalia uso wa mtu! Anayekataa anadaiwa sababu, tena ya kweli.

Bosi naye alitupa kila mmoja kikapu, na ndani mlikuwa na chupa ya mvinyo. Mimi nilimpa dereva, nikajiona mwerevu. Kumbe Muslim amepokea habari ya mtu aliyemletea Mtume kiriba cha mvinyo. Alipoelezwa ni haramu akataka kiuzwe, Mtume akasema aliyeharamisha kunywa ameharamisha na kuuza, na kiriba kikamwagwa. Ningeirudisha palepale kwa adabu.

Ama “ya soda” anayokupa mteja ili oda yake itangulie, hiyo haimo kabisa katika mlango huu. Soma kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka, ujiulize kama ungepewa ukiwa umekaa nyumbani kwa baba yako.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza nilimpelekea mlinzi tochi, na mama mhasibu kilo mbili za mchele, nikawaambia wote wawili kwamba sikuwa na malaria. Mama alinitazama kwa muda, akasema, “Ungeniuliza tu, mwanangu.” Mzee aliiwasha tochi mchana ule ule, akaimulika usoni pangu.

“Sheikh,” akasema, “na Idi ni lini?”