IBADA YA MIDOMO NA IBADA YA MOYO

Jimbo la Arusha liliundwa mwaka 1963. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Hati juu ya Liturujia Takatifu, ukawataka waamini washiriki Misa kwa akili na kwa matendo, wasikae kama watazamaji tu. Baadaye Kilatini kikaipisha lugha ya watu. Leo Mkristo wa Arusha, awe wa mjini au wa miteremko ya Meru, husali kwa lugha aifahamuye. Hawezi tena kusema kwamba moyo wake u baridi kwa kuwa haelewi yasemwayo altareni.

Hata hivyo baridi ipo. Yupo aingiaye kanisani mahubiri yakiisha. Yupo atazamaye simu wakati wa Mageuzo. Yupo atokaye mara tu baada ya Komunyo. Lakini hizo ni dalili. Ugonjwa wenyewe u ndani zaidi, nao ndio alioukemea Nabii Isaya (29:13), na Bwana wetu akaukemea tena (Mt 15:8): midomo i karibu na Mungu, moyo u mbali.

Wameru na Waarusha tangu zamani wamelima kwa maji ya mifereji itokayo mlimani. Maji yakipungua shambani, mkulima mwenye busara haulaumu mlima. Hushika jembe, akaufuata mfereji kwenda juu, hata aone palipozibwa. Basi na sisi tufanye vivyo hivyo. Neema ya Misa haijapungua, kwa maana Kristo ni yule yule. Tutafute ni nini kilichoziba njia yake ndani yetu.

Kwanza ni mazoea. Sala isemwayo kila juma huweza kutoka kinywani pasipo kupita moyoni. Dawa yake ni kujitayarisha: kusoma Injili ya Jumapili tangu Jumamosi jioni, na kufika mapema ili kukaa kimya kidogo mbele ya Mungu.

Pili ni uadui, na hapa ndipo pagumu. Majirani wawili wamegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba au zamu ya maji. Jumapili wote wawili wako kanisani. Ufikapo wakati wa kutakiana amani, kila mmoja humpa mkono yule asiye na ugomvi naye, kisha wote hupanga mstari kwenda kupokea Mwili mmoja wa Kristo.

Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alihubiri kwa Wamasai wa Loliondo tangu mwaka 1966. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 alieleza jinsi Wamasai walivyopokezana majani mabichi, ambayo kwao ni ishara ya amani, katika kijiji kizima kabla ya Ekaristi. Kama mtu au kundi lilikataa kuyapokea, Ekaristi haikuadhimishwa siku hiyo. Wakristo wale wapya walijua kwamba mtu hawezi kujifanya kuwa na amani mbele ya Mungu.

Pengine msomaji atauliza: je, mwenye ugomvi asije Misa? La, amri ya Jumapili ingali palepale. Bwana alisema mtu aiache sadaka yake, aende kwanza kupatana na ndugu yake, kisha arudi aitoe (Mt 5:23-24). Hakumruhusu akae nyumbani na hasira yake. Na jirani akikataa mkono wetu? Mtume Paulo anatudai yale yaliyo katika uwezo wetu (Rum 12:18). Aliyetafuta amani kwa kweli na kukataliwa, moyo wake umekwisha kufunguka.

Kwa kazi hiyo tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizitilia mkazo mwaka 1976. Hukutana nyumbani kwa majirani, mahali magomvi yanapozaliwa, na hapo ndipo yafaa yamalizwe. Jumuiya isomayo Injili na kukusanya michango, lakini ikawaacha wanachama wake wawili miaka mitatu bila kusalimiana, imeiacha kazi yake nusu.

Basi, ndugu wapendwa, kila mmoja na ajiulize juma hili: ni nani nisiyeweza kumpa mkono wa amani? Tumwendee kabla ya Jumapili. Dhambi yetu tuipeleke katika Kitubio. Ndipo tutakapojibu "Amina" mbele ya Mwili wa Kristo, na neno hilo litakuwa kweli.