KADI YA MICHORO NA JOTO LA MPANDA

Mwenye mashine ya kusaga nafaka mjini Mpanda hahitaji kuelezwa kwamba kazi na joto havitengani. Injini yake ya dizeli huchemka, na rejeta ikikauka maji au ikiziba kwa vumbi, kazi husimama. Kompyuta haitoi moshi, na kwa sababu hiyo wengi huiona kuwa chombo kisichochoka. Hata hivyo, karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta huishia kuwa joto, sawasawa na umeme unaoingia katika pasi. Tofauti ni kwamba pasi imetengenezwa ili ipate moto, na kompyuta imetengenezwa ili joto lake liondolewe upesi.

Katika kompyuta kubwa ya mezani, sehemu inayotoa joto jingi kuliko zote aghalabu ni kadi ya michoro. Kadi hii hukokotoa rangi ya kila nukta ya kioo. Kioo chenye nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu kina nukta zaidi ya milioni 8, na picha yake ikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, kadi hutakiwa kutoa majibu karibu milioni 500 kila sekunde. Wenye studio za video za arusi huihitaji, wachoraji wa majengo huihitaji, na siku hizi vijana wanaojifunza akili unde huihitaji pia, kwani hesabu zake zafanana na zile za picha.

Mfano mzuri ni kadi iitwayo GeForce RTX 4090, iliyotolewa na kampuni ya NVIDIA ya Marekani mwezi wa Oktoba 2022. Chipu yake ina transista bilioni 76 katika eneo la milimeta za mraba 608, eneo dogo kuliko stampu nyingi za posta, na kadi nzima imekadiriwa kutumia wati 450. Bei yake ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 1,599, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu za wakati huo, kabla ya nauli na ushuru. Kwa mwenye studio huo ni mtaji mzima. Ikiungua, si kitu cha kutengenezwa kwa nyundo na bisibisi.

Joto na halijoto

Mwanafunzi atofautishe maneno haya mawili tangu mwanzo. Joto ni nishati, na wingi wake hupimwa kwa jouli. Halijoto ni kiwango cha umoto, nacho hupimwa kwa nyuzi za Sentigredi. Wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Kadi ya wati 450 hutoa jouli 450 kila sekunde iwe Julai au Oktoba, iwe usiku au mchana, maadamu kazi yake ni ile ile. Kinachobadilika ni halijoto.

Ugumu hauko katika wingi wa joto peke yake, bali katika udogo wa mahali linapotokea. Chukua pasi ya umeme ya wati 1,000 yenye uso wa sentimeta za mraba 200 hivi: kila sentimeta ya mraba hutoa wati 5. Sasa ichukuliwe kwamba katika zile wati 450 za kadi, wati 350 hutokea katika chipu yenyewe. Sentimeta moja ya mraba ya chipu hutoa wati 58 hivi, zaidi ya mara kumi ya pasi. Laiti joto hilo lingekosa njia ya kutoka, chipu ingeharibika katika muda mfupi sana. Ndiyo maana kadi imewekewa kinga ya kujipunguzia mapigo, na mwisho kujizima.

Njia ya kutokea ni hii. Kwanza joto hupita kwa mpitisho kutoka chipu hadi bamba la shaba. Nyuso mbili za chuma, hata zikisuguliwa namna gani, hazigusani kila mahali. Katikati hubaki vijipengo vya hewa, na hewa ni mpitishaji dhaifu mno. Kwa hiyo hupakwa uji mzito wa kupitisha joto, ambao hupitisha joto vizuri kuliko hewa kwa mara mia moja au zaidi. Uji huu hukauka au husukumwa pembeni baada ya miaka ya kupata moto na kupoa.

Kutoka katika bamba la shaba, joto husafirishwa na mabomba membamba yaliyozibwa pande zote mbili. Ndani yake mna maji kidogo tu, na hewa imenyonywa ili maji hayo yachemke kwa halijoto ndogo kuliko nyuzi 100. Maji hugeuka mvuke upande wa chipu, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka matone kama inavyotokea chini ya kifuniko cha sufuria ya maharage, kisha matone hurudi yakinyonywa na utambi uliomo ndani ya bomba. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. Bomba hili ni miongoni mwa vifaa vya werevu mkubwa katika kompyuta yote, ingawa wanunuzi wengi huitazama zaidi taa ya rangi iliyowekwa juu yake.

Mwisho wa mabomba kuna mapezi mengi membamba ya alumini. Haya ndiyo rejeta ya kadi. Feni hupuliza hewa kati yake, na hewa hubeba joto kwa msafara.

Hewa ya Mpanda

Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, uko kwenye meta 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko pwani. Kwa halijoto ile ile, meta moja ya ujazo ya hewa ya Mpanda ina uzito mdogo kwa kiasi hicho hicho.

Mwalimu anaweza kulifanya jambo hili kuwa hesabu ya darasa. Ili kupandisha halijoto ya kilo moja ya hewa kwa nyuzi 1, huhitajiwa jouli 1,005. Ikitakiwa hewa inayopita katika kadi ipate moto kwa nyuzi 10 tu, kadi ya wati 450 itahitaji kilo 0.045 za hewa kila sekunde. Hewa ikiwa na nyuzi 32, kiasi hicho ni lita 39 kwa sekunde huko Dar es Salaam, na lita 44 huko Mpanda. Feni hupima hewa kwa ujazo. Chipu huipima kwa uzito. Hivyo feni ya Mpanda hapana budi izunguke kwa kasi zaidi ili kufanya kazi ile ile.

Tena liko vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukatika, barabara za udongo hutimka, mashamba na miombo huchomwa, na katika vijiji vya tumbaku mabani ya kukaushia majani hutoa moshi. Vumbi pekee lingepeperuka. Likichanganyika na masizi yenye utomvu hushikana kati ya mapezi na kuwa kama blanketi. Feni hulia kwa nguvu zote, lakini hewa haipiti.

Kumchunguza mgonjwa

Kompyuta ikianza kusumbua mwezi wa Oktoba, watu husema ni jua. Huenda ni kweli, huenda si kweli, na zipo namna za kulipima jambo lenyewe badala ya kubishana. Halijoto ya chipu husomwa kwa programu. Halijoto ya chumba husomwa kwa kipimajoto cha kawaida kilichowekwa karibu na mahali hewa inapoingilia. Toa ya pili katika ya kwanza. Kadi ikiwa na kazi ile ile, na feni ikizunguka kwa kasi ile ile, tofauti hiyo hubaki karibu pale pale msimu kwa msimu. Chumba kikipanda nyuzi 10, chipu nayo hupanda nyuzi 10 hivi. Jua huongeza namba zote mbili. Ugonjwa wa kadi huongeza ile tofauti.

Kasi ya feni lazima ifungwe kwenye kiwango kimoja wakati wa kupima, la sivyo kipimo hakina maana, kwani kadi huongeza kasi ya feni yenyewe ionapo joto na hivyo huficha ugonjwa. Kadi ipewe kazi nzito kwa nusu saa kabla ya kusoma.

Tofauti ikiwa imekua, aanze na vumbi, maana ndilo la kwanza na ndilo rahisi. Umeme uzimwe, kadi itolewe, mapezi yapulizwe kwa pampu ya mkono na kusafishwa kwa brashi laini. Pangaboi zishikwe kwa kidole zisizunguke, kwani kuzizungusha kwa upepo mkali huharibu mhimili wake. Hewa ya kompresa ya gereji isitumike. Aghalabu imebeba maji na mafuta. Baada ya kusafisha, apime tena kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Fundi anayesafisha vumbi, kubadilisha uji na kuhamisha kompyuta dirishani kwa siku moja hatajua kamwe ni lipi lililoponya.

Vumbi lisipokuwa chanzo, uji hushukiwa. Kadi nyingi huonyesha pia halijoto ya mahali penye moto mkali kuliko pote katika chipu. Mahali hapo pakiwa pameachana sana na wastani wa chipu kuliko zamani, huenda uji umekauka au bamba halikukazwa sawasawa.

Si kila hitilafu ni joto. Kompyuta ikipunguza kasi lakini isizimike, joto ni mshukiwa wa kwanza. Ikizimika ghafla kama taa, kabla hata chipu haijapata moto, atazamwe mgawaji umeme, yaani kile kisanduku kinachogeuza volti 230 za ukutani kuwa volti 12 za kadi. Mpanda ulitumia kwa miaka mingi umeme wa mitambo ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya taifa, na wenye vyombo vya umeme walizoea kukatika kwake. Kidhibiti volti si anasa. Madoa ya rangi yakitokea kwenye kioo, kumbukumbu ya kadi imezidiwa, au mapigo yamepandishwa kupita kiasi.

Plagi nayo isisahauliwe. Wati 450 kwa volti 12 ni ampea 37.5, mkondo mkubwa kuliko wa pasi yoyote ya nyumbani, nao hupita katika nyaya sita nyembamba. Mwishoni mwa mwaka 2022 ziliripotiwa kadi za aina iliyotajwa ambazo plagi zake ziliyeyuka, na NVIDIA ilieleza mwezi wa Novemba kwamba katika visa vingi plagi haikusukumwa hadi mwisho. Joto linalotokea kwenye muunganiko hutegemea ukinzani na kipeo cha pili cha mkondo; mguso mbovu kidogo watosha.

Kupandisha au kushusha

Vijana wengi wapatapo kadi yenye nguvu hutamani kupandisha mapigo yake kupita kiwango cha kiwandani. Kadi iliyotajwa hupiga mapigo bilioni 2.5 hivi kwa sekunde. Inawezekana kuongeza kidogo, lakini mapigo ya haraka huhitaji volti kubwa zaidi, na hapo ndipo gharama ilipo. Umeme unaotumiwa na transista zinapowaka na kuzimika hulingana na mapigo mara volti mara volti. Ongeza mapigo kwa asilimia 5 na volti kwa asilimia 5: 1.05 mara 1.05 mara 1.05 ni 1.16. Wati 450 zimekuwa 521, ili kazi iliyochukua dakika 60 ichukue 57.

Sasa igeuzwe hesabu. Punguza mapigo kwa asilimia 5 na volti kwa asilimia 10: 0.95 mara 0.9 mara 0.9 ni 0.77. Wati 450 zimeshuka hadi 346, na kazi ya dakika 60 imekuwa ya 63. Kama tofauti ya halijoto ilikuwa nyuzi 40, itashuka hadi 31, na katika chumba chenye nyuzi 34 chipu itasoma 65 badala ya 74. Kanuni hii haihesabu umeme unaovuja, na kumbukumbu ina matumizi yake, kwa hiyo kipimo halisi kitapishana kidogo na hesabu. Lakini mwelekeo ni huo. Kwa studio ya Mpanda yenye paa la bati, kushusha volti kuna faida kuliko kupandisha mapigo, na faida hiyo huonekana hata kwenye luku. Volti zishushwe hatua kwa hatua, na kila hatua ijaribiwe kwa kazi nzito ya saa nzima. Kompyuta ikiganda, arudi hatua moja nyuma.

Zoezi

Ichukuliwe kwamba kompyuta ya shule imepimwa mara tatu, kwa kazi ile ile na feni ikiwa imefungwa kwenye kasi ile ile. Julai, chumba kilikuwa na nyuzi 22 na chipu 63. Oktoba, chumba 34 na chipu 75. Julai ya mwaka uliofuata, chumba 22 na chipu 71. Mwalimu mkuu alitaka kumwita fundi mwezi wa Oktoba, kwa sababu namba ya chipu ilikuwa kubwa kuliko zote. Wanafunzi waeleze ni katika kipimo kipi kati ya hivyo vitatu fundi alistahili kuitwa, na angeanza kutazama wapi.